Msitu wa Ndoo Moja

Jumatatu asubuhi nilitoka uani na beseni la nguo nikakuta watu wawili wenye mabuti wanapigilia kibao kwenye mlango wa jiko langu. Kibao cha kijani, maandishi meupe: MSITU WA HIFADHI. USIKATE MTI. USIWASHE MOTO. Nikawauliza, “Nyie, huo msitu uko wapi?” Mmoja akaniangalia kwa huruma, amesimama juu ya saruji niliyoimwaga kwa mikono yangu mwenyewe. Akasema, “Mama, uko ndani yake.”

Naitwa Mwanasha. Kwetu Kondoa, lakini Chang'ombe hii ya Dodoma ndiyo imenizeesha. Nyumba yangu ni vyumba vitatu na jiko la nje. Nilianza na chumba kimoja nikiuza vitumbua, nikaongeza tofali kwa tofali kwa miaka kumi na moja, na kila tofali nalijua lilikotoka. Mtu akija kuniambia hapa hakuna nyumba, hapana, simjibu kwa adabu. Na siku ile sikumjibu kwa adabu.

Wakaniachia barua na kuondoka. Ilitoka Kituo cha Takwimu za Mji wa Kijani. Ilisema kiwanja changu ni kiini cha msitu wa miti arobaini na nne iliyokomaa, yenye urefu wa wastani wa mita tisa, na kwamba binadamu yeyote anayeishi humo ahame kabla ya Jumatatu ijayo, siku ambayo uzio utajengwa. Mwishoni walinishukuru kwa kutunza mazingira.

Sasa hapa lazima niseme ukweli, maana nikificha hamtaelewa kitu. Msitu huo niliupanda mimi. Yaani sikuupanda. Ngoja nieleze.

Mwaka juzi lilitoka tangazo kwamba kila nyumba iwe na mti, na mti uandikwe kwenye sistimu. Nyumba isiyo na mti haitatambuliwa, na isiyotambuliwa isahau maji ya bomba jipya. Jamani, mti! Chang'ombe yetu imebanana, ukipiga chafya jirani anakuambia afya. Udongo wenyewe mgumu, na maji tunayopata hayatutoshi sisi wenye midomo. Mtaa mzima wenye nyumba arobaini ulikuwa na mti mmoja tu, nao haukuwa ardhini. Ulikuwa kwenye ndoo ya rangi.

Ulikuwa mpera wa Yudith, jirani yangu wa ukuta. Yudith ni Mgogo wa kule Kibakwe. Marehemu mama yake alikuwa na mpera mbele ya nyumba, na Yudith alipokuja mjini alibeba mche wake. Lakini yeye ni mpangaji. Mpangaji hapandi mti kwenye ardhi ya mtu, maana mwenye nyumba akikasirika utahama wewe na mti utabaki. Kwa hiyo mpera wake aliulea ndooni, amehama nao nyumba nne. Ulikuwa unanifika kifuani, na kila mwaka ulitoa mapera mawili matatu ambayo Yudith aliyala peke yake, kimya, ameketi kizingitini.

Wazo lilikuwa langu. Siku wakaguzi walipofika nilimwambia Yudith, “Jirani, tuazimane mti.” Akakubali. Ofisa aliyekuja alikuwa kijana mmoja mwembamba, Damas, ana kishikwambi na furushi la lebo. Kazi yake ilikuwa kufunga lebo kwenye tawi, kuisoma kwa kishikwambi, na kupiga picha ya majani. Majani tu. Kwa usalama wa data hakuruhusiwa kuangalia kitu kingine chochote cha mwenye nyumba, kwa hiyo alitembea amekodolea macho kioo na kugongana na kamba za nguo. Alipomaliza kwangu tulimkaribisha maji. Wakati anakunywa, ndoo ikapitishwa juu ya ukuta kwenda nyumba ya pili. Lebo za zamani tukazifunika kwa kanga. Alipofika nyumba ya pili, mti huo hapo, unamsubiri.

Tukaenda hivyo nyumba zote arobaini. Na ningeishia hapo ningekuwa salama leo. Lakini nilisikia kwamba mwenye miti mitano atawekwa mwanzo kwenye orodha ya maji. Basi tamaa ikanipanda kichwani. Niliuita mpera urudi kwangu mara nne zaidi: mbele, nyuma, kando ya choo, kando ya jiko. Mara ya mwisho niliuvuta kwa pupa, kilele chake kikakatika kwenye bati. Yudith alikuwa ananitazama. Akachukua ndoo yake akaingia ndani, na tangu siku ile akawa ananisalimia kwa kidevu tu.

Maji ya bomba hayakuja. Miti ndiyo iliyokuja. Kule Kituoni kompyuta iliendelea kuikuza bila mvua wala samadi, kila mwezi sentimita kadhaa, hadi ikawa msitu. Wenzangu wenye mti mmojammoja walikuwa pembezoni mwa msitu, wao waliandikiwa tu wasipige muziki kwa sauti wasije wakatisha ndege. Mimi mwenye mitano ndiye kiini. Jumanne yake alikuja mtu kutundika mzinga wa nyuki kwenye nguzo ya kamba yangu ya nguo. Nikamfukuza na mwiko.

Jumatano nikavaa baibui safi nikaenda Kituoni. Kiko upande wa Kikuyu, jengo la vioo, na ukutani wameandika: DATA ZETU, NCHI YETU. Humo ndani nikamkuta yule yule Damas. Nikamwonesha barua.

Akaangalia kompyuta yake. “Mama, hapa kwako naona miti mitano mizuri sana.”

“Mwanangu, kuna nyumba hapo. Ina vyumba vitatu.”

“Sioni nyumba.”

“Huioni vipi, ulikunywa maji humo!”

“Sijasema haipo. Nimesema siruhusiwi kuona nyumba. Mimi naona safu ya miti. Nyumba ni kwa Angelina.” Akanionesha dada aliyeketi nyuma yake kabisa, wamepeana migongo, na pazia katikati.

Nikalizunguka pazia. Angelina akanipokea vizuri, akabonyeza bonyeza. “Ninayo nyumba ya vyumba vitatu na jiko la nje. Ila sijui iko wapi. Mahali ni siri. Inaweza kuwa yako, inaweza kuwa ya mtu wa Kibaigwa.” Watu nao walikuwa kwa Elisha, meza ya tatu. Elisha akaangalia akasema anamwona mwanamke mmoja, mkubwa wa umri, jina lake limefichwa kwa nyota sita. “Ni wewe?” akaniuliza. Ningejuaje kama mimi ni nyota sita?

Damas akanieleza kwa upole, na naapa kijana wa watu hakuwa na ubaya. Alisema mji endelevu unahitaji ofisi zishirikiane data, lakini data zikikaa pamoja mtu mbaya anaweza kuziiba akazipeleka ng'ambo, wakatutawala kwa kompyuta. Kwa hiyo zinashirikiana bila kukutana. Kila mmoja anaona safu moja, na ni marufuku kuzungumza kazi kati yao. Mchana wanakula wali pamoja na kuzungumza mpira.

“Sasa kosa likitokea?”

“Halijawahi kutokea,” akasema. Kisha akashusha sauti. “Likitokea, mwenye data alete kitu chenye nyumba na miti kwa pamoja, kutoka mtaani, tukifungue mbele ya macho yetu wote watatu. Kama daftari la mjumbe.”

Nikatoka nacheka. Daftari la mjumbe! Mjumbe wetu ni Mzee Matonya, na hakuna mtu Dodoma nzima aliyewahi kukaa na siri muda mfupi kama yeye. Ukimwambia neno asubuhi, adhuhuri unaulizwa sokoni. Kwenye daftari lake kuna kila nyumba, kila mtu, kila mbuzi, na miaka thelathini alikuwa anatusomea hata kama hatujamwomba.

Nikamkuta nje kwake, amevaa fulana mpya ya kijani.

“Shikamoo, Mzee Matonya.”

“Marahaba.”

“Habari za nyumbani?”

Akanyoosha fulana yake. “Hiyo ni taarifa binafsi.”

Nilidhani ananitania. Kumbe walikuwa wamempeleka semina ya siku mbili, wakamlisha kuku, wakampa cheti cha Mlinzi wa Data. Mzee wa watu akarudi amebadilika. Daftari amelifungia kwenye sanduku la bati, kufuli mbili, ufunguo kwenye kamba ya shingoni. Mkewe, Mama Joshua, aliniambia kwa uchungu kwamba siku hizi hata akimuuliza atakula nini anajibu kwamba hajatoa ridhaa.

“Mzee wangu,” nikasema, “ninahamishwa Jumatatu. Nifungulie daftari, ukurasa wangu tu.”

“Ukurasa wako una majirani zako. Mpaka wote arobaini waridhie kwa saini.”

“Mzee, si wewe uliyetangaza kwenye msiba kwamba nina bawasiri?”

“Hiyo ilikuwa kabla ya semina,” akasema, na uso wake ulikuwa na majuto ya kweli.

Nikazunguka na karatasi ya saini. Nani asaini? Kila mmoja ana mti wa uongo, anaogopa kuguswa. Bashiri wa duka aliniambia, “Dada, wewe hama tu kimya kimya, utatuponza.” Nikarudi nyumbani nikakaa jikoni bila moto, maana kibao kimekataza, nikalia kwa hasira. Siwezi kusema nililia kwa huzuni. Miaka kumi na moja ya vitumbua, halafu unaambiwa wewe ni nafasi kati ya mti na mti.

Ijumaa jioni, nikiwa nimeegemea ukuta, nikasikia kitu kikitoa mchakacho upande wa pili kila upepo ukivuma. Nikapanda juu ya tofali nikachungulia. Mpera wa Yudith, na matawi yake yamejaa lebo zetu arobaini na nne, zinapigana. Kila lebo ina namba ya mti na namba ya kiwanja. Jamani! Nyumba na miti, vyote pamoja, vimening'inia mahali pamoja. Daftari la Matonya la kazi gani?

Nikaenda mlangoni kwa Yudith, siyo ukutani. Nikabisha hodi. Alipotoka akainua kidevu.

“Jirani,” nikasema, “nilikuvunjia mti wako kwa tamaa, nikajifanya sikuona. Nisamehe.”

“Miaka miwili,” akasema Yudith.

“Miaka miwili. Mimi ni mtu mbaya. Sasa nimekuja kuuazima tena.”

Akacheka kwa mshangao, maana ujasiri huo haukuwa na aibu. Nikamweleza yote. Akasikiliza, akaenda akaupapasa pale kilele kilipokatika, palipochipua matawi mawili. Lilikuwepo pera moja tu limeanza kuwa njano.

“Uende nao. Ila huu mti urudi, Mwanasha. Sina kingine cha mama yangu. Niambie utarudi.”

“Utarudi. Wallahi.”

Neno hilo niliapa mbele yake, na ninalo mpaka leo kooni.

Jumatatu asubuhi na mapema nikazifunika lebo kwa kanga, nikaupakia mpera kwenye bajaji, mimi nimekaa nimeukumbatia, majani yananiingia puani. Getini mlinzi akanizuia. Kila kinachoingia lazima kiandikwe, mgeni au mali ya ofisi. Tukabishana, akauandika mgeni. Jina: Mpera. Anakotoka: Kibakwe. Anayekuja kumwona: Damas. Namba ya simu akaiacha wazi, akaniambia nimkumbushe ikipatikana.

Damas, Angelina na Elisha wakatoka nyuma ya mapazia yao wakasimama kuizunguka ndoo. Nilipoiondoa kanga, Damas akatazama lebo zile na rangi yake ikapotea. Akachukua kishikwambi chake. Nadhani alikuwa ameshajua siku nyingi, maana mtu hawezi kukutana na ndoo ile ile ya rangi mara arobaini na nne asijiulize.

“Nisome?” akawauliza wenzake. Wakaitikia kwa vichwa.

Akasoma lebo ya kwanza. Kishikwambi kikalia. Kisha ya pili, ya tatu. Lebo ikisomwa, sistimu huandika kwamba mti uko pale kilipo kishikwambi. Alipofika lebo zangu tano, Angelina alikimbilia kompyuta yake akapiga kelele, “Nyumba! Imetokea nyumba Chang'ombe, vyumba vitatu na jiko la nje!” Na Elisha kwake, “Kuna mtu ndani! Nyota sita yuko nyumbani!” Mimi nikaketi sakafuni nikalia mbele za watu, sikuona aibu hata kidogo. Nyumba yangu ilikuwepo. Nilikuwepo.

Damas akamaliza ya arobaini na nne. Halafu mashine ya kuchapa pale kona ikaamka yenyewe, ikatoa karatasi moja. Angelina akaisoma kwa sauti: kiwanja hiki cha Kikuyu ni kiini cha msitu wa miti arobaini na nne iliyokomaa, binadamu wote wahame ndani ya siku saba. Na walishukuriwa kwa kutunza mazingira.

“Basi nichukue mti wangu niende,” nikasema, nikainama kuishika ndoo.

“Mama, usiguse!” Damas akaikinga ndoo kwa mikono miwili. “Ukitoka nao nje ya geti, huo ni usafirishaji wa msitu bila kibali.”

“Basi zibandue lebo.”

“Lebo moja ni mti mmoja kukatwa. Arobaini na nne ni jela sisi wote.”

Nikamsihi. Nikamwambia habari za Yudith na za mama yake. Damas akafuta macho, lakini mlinzi alikuwa ameshasimama mlangoni na daftari lake la wageni. “Aliingia kama mgeni,” akasema, “sasa ni hifadhi.” Wafanyakazi wakaanza kutoa kompyuta nje kwa mikono, wanazipanga chini ya jua, kila moja na pazia lake.

Nikaupapasa mpera. Nilifanya jambo moja tu nililoweza: nikalichuma lile pera. Angelina aliniona. “Matunda hayako kwenye safu yangu,” akasema, akageuza uso.

Nilirudi kwa miguu kutoka Kikuyu mpaka Chang'ombe, kwa sababu sikutaka kufika haraka. Kibao cha msitu kilikuwa kimeshang'olewa kwenye mlango wa jiko langu, yamebaki matundu ya misumari. Yudith alikuwa kizingitini ananisubiri. Aliangalia mikono yangu, akaona hakuna ndoo.

Nikampa pera. Akalipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilisimama pale nje, nina nyumba yangu kamili nyuma yangu, na sikuitaka. Niliona heri wangeijengea uzio.

Siku ya tatu alibisha hodi mwenyewe. Alikuwa na mbegu kwenye kitambaa, amezikausha. Akasema, “Nina ndoo nyingine.”

“Hapana,” nikasema. “Huo haukai ndooni.” Nikachukua sururu nikavunja saruji ya uani kwangu, ile ile niliyoimwaga kwa mikono yangu, pale chini ya ukuta wetu. Nikavunja kipande cha upana wa sinia. Nikamwambia, “Panda hapa. Hata ukihama nyumba ishirini, mti wako uko hapa, na mlango uko wazi. Mimi siyo mwenye nyumba wako, mimi ni jirani yako.” Yudith akapiga magoti kwenye vumbi la saruji akapanda, huku analia na kunisema kwamba sururu siijui kuishika.

Mvua zilipoanza mche ukatoka. Na siku chache baadaye, msinichoke, akatokea Damas mtaani na kishikwambi. Kituo sasa kiko kwenye hema, na wametumwa kuhesabu upya. Niliona kofia yake juu ya ukuta, sikufikiri mara mbili. Nikachukua ndoo tupu nikaufunika mche, nikakalia juu.

“Shikamoo mama. Una mti?”

“Marahaba, baba. Mti gani?”

Akanitazama nilivyokaa. Akatazama saruji iliyovunjwa. Nyuma yake alikuwa amesimama Mzee Matonya na fulana yake ya kijani, ndiye anayemwongoza, na mimi roho ikanipasuka, maana yule mzee alikuwa ameniona na Yudith tukipanda, alitusimamia juu ya ukuta mwanzo mpaka mwisho akitukosoa.

“Mzee,” Damas akamuuliza, “huyu mama ana mti au hana?”

Matonya akashika ufunguo shingoni. Akanitazama mimi, akaitazama ndoo, akavuta pumzi mpaka fulana ikajaa.

“Hiyo,” akasema, “ni taarifa binafsi.”

Damas akapumua kwa raha kuliko sisi wote. Akaandika anachojua yeye, akaenda zake nyumba ya pili, na Matonya nyuma yake anatembea wima.

Nilibaki nimeikalia ile ndoo. Kutoka upande wa pili wa ukuta nikasikia sauti ya Yudith. “Mwanasha, wameshaondoka. Inuka hapo, unaunyima jua.”